Kochi la Inchi Sita na Nusu

Dada aliniagiza vitu vitatu kutoka nyumbani: kanga doti mbili, hiliki na mdalasini, na mabaki ya vitambaa vya makochi. Vile viwili vya mwanzo sikuuliza. Hicho cha tatu kilinifanya nipige simu.

“Mabaki yepi?”

“Yale baba anayofagia jioni. Kuna bibi jirani yangu huku anayataka. Anatengeneza makochi ya nyumba ya mwanasesere. Wewe lete tu, utaona mwenyewe.”

Karakana ya baba iko Keko, Dar es Salaam, kwenye ule msururu wa mafundi samani ambako ukipita na daladala unaona makochi yamepangwa kando ya barabara, bado yamevikwa nailoni, kama wageni wa harusi waliofika mapema. Nimekulia humo. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuokota misumari kwa sumaku na kushindilia makombo ya sponji kwenye viroba, na ujira wangu ulikuwa vipande vya kitambaa vya kuvalishia viberiti. Viboksi vitatu vya kiberiti ubavu kwa ubavu ni kochi la watu watatu. Vitatu vingine vikisimamishwa nyuma ni mgongo. Mwanangu wa gunzi alikaa pazuri kuliko sisi, maana kwa fundi kochi la nyumbani huwa la mwisho kwenye foleni.

Nilipomweleza baba habari za huyo bibi alikuwa na misumari mdomoni, kwa hiyo ilibidi nisubiri jibu. Vijana wake wanatumia stepla ya kompresa, tatatata, dakika tano wamemaliza mgongo mzima. Yeye bado anautoa msumari mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuupokea kwa nyundo yenye sumaku. Alipigilia wa mwisho, akajifuta midomo.

“Makochi ya mwanasesere. Haya. Sasa atakalia nani?”

Hata hivyo alinijazia mfuko mpaka ukagoma kufungwa.

Aprili ya Chicago inadanganya: jua linawaka, upepo unakata. Pale O’Hare ofisa wa forodha aliufungua mfuko wa mabaki, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaniangalia usoni, akaufunga bila neno. Dada anakaa Oak Park, magharibi mwa jiji, karibu na mwisho wa njia ya treni ya kijani. Jirani yake ni nesi mstaafu mwenye miaka 70 na ushee. Dada humwita Bibi, naye ameshazoea.

Karakana ya Bibi iko kwenye chumba cha chini ya ardhi, ubavuni mwa mashine ya kufulia: taa yenye lenzi, kisu cha wembe, vibano, kopo la vibanio vya nguo, glasi iliyojaa njiti za meno, na harufu ya gundi ya mbao ambayo ningeijua hata usingizini. Yote ingeenea juu ya meza ya kulia ya watu wanne. Kwenye meza nyingine kulikuwa na nyumba yenyewe, ghorofa mbili, ukuta wa mbele ukifunguka kama mlango wa kabati. Jikoni kulikuwa na sufuria, chumbani kulikuwa na kitanda. Sebule ilikuwa tupu. Ndiyo iliyokuwa ikisubiri kochi.

Alimwaga mabaki yangu akayachambua kama mchele. Makhmali ya rangi ya damu ya mzee, ambayo baba huikata kwa adabu kwa sababu ya bei yake: hapana. Kitambaa kizito cha maua: hapana. Ngozi bandia: hapana, tena haraka. Nadhani uso wangu ulionyesha, maana alichukua kibao cha ukubwa wa kiberiti akatandika makhmali juu yake nione. Kwenye kochi la kweli kitambaa kile humwagika ukingoni chenyewe. Pale kilibaki kimesimama hewani pande zote, kama turubai la kuanikia mpunga lililotupwa juu ya kigoda.

Kitambaa hakina habari kwamba kochi limepungua. Uzi ni uleule, unene uleule, ukaidi uleule. Manyoya ya makhmali yenye urefu wa milimita 2, ukiyazidisha mara 12, ni karibu sentimita 2 na nusu. Hilo si kochi, ni kondoo. Ua la sentimita 10 linakuwa ua la mita 1 na sentimita 20, mgeni akikaa anafunikwa na jani moja la ua.

Nimezidisha mara 12 kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kazi hii: inchi moja kwa kila futi moja. Nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, ile iliyobuniwa na msanifu Edwin Lutyens ikamalizika 1924 na sasa iko kwenye kasri la Windsor, ilijengwa kwa kipimo hichohicho. Bibi alianza kunieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni jambo gumu. Nilicheka. Sisi shuleni tumefundishwa mita, lakini Keko hakuna anayesema mita. Mbao ni mbili kwa nne, godoro ni tano kwa sita. Kochi la baba la watu watatu ni futi sita na nusu, kikalio kiko futi moja na nusu kutoka chini. Kwa hiyo la Bibi ni inchi sita na nusu, na kikalio inchi moja na nusu. Baba angeweza kulikata akiwa amefumba macho. Kabla ya kulikata, sawa, angeuliza tena lile swali lake.

Kilicho tofauti ni uzito, nao niliuelewa baada ya kupiga hesabu nyuma ya bahasha. Tuseme kochi la baba lina kilo 60. Ulipunguze mara 12 kwa urefu, mara 12 kwa upana, mara 12 kwa kimo: umeligawa kwa 1,728. Zinabaki gramu 35. Gramu 35 haziwezi kuvuta chochote kikalala. Na mwanasesere, masikini, hana makalio ya kubonyeza mto.

Katika mfuko mzima wa baba vilipita vitu viwili. Kimoja ni bitana ya rangi ya samli, nyepesi, ambayo sisi huiweka mahali pasipoonekana. Cha pili nilikuwa sijui hata kama kimo: chini kabisa, ndani ya karatasi, baba alikuwa ametia kiganja cha sufi kutoka kwenye mto wa zamani. Bibi alishika kidogo, akakibinya kati ya vidole, akakiachia. Kikainuka. Akakibinya tena. Kwake mito hujazwa pamba ya dukani, na pamba ikishabanwa haina hamu ya kurudi. Alikwenda kutafuta kopo lenye kifuniko.

Kitambaa cha nje, je? Akavuta sanduku la viatu lililojaa tai. Za marehemu mumewe. Tai ya hariri, alinieleza, ni kitambaa kilichokuwa kikisubiri kazi hii: nyembamba, nukta zake ni ndogo kama mbegu za mchicha, na zaidi ya yote imekatwa mshazari. Hilo la mshazari hakuhitaji kulifafanua. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinanyumbulika, kinakubali kuzunguka mkono wa kochi bila kufanya mikunjo. Kwa kitambaa kilichonyooka, kila kona ni ugomvi.

“Lakini usishike mkasi kwanza,” aliniambia. “Kesho nenda kaangalie.”

Kuangalia kwenyewe ni Art Institute of Chicago. Unapanda treni ya kijani hadi kituo cha Adams/Wabash, unatembea kidogo tu hadi Michigan Avenue, ambako simba wawili wa shaba wamelinda mlango tangu 1894. Watu wengi wakishaingia wanapanda juu kwa Monet na Van Gogh. Mimi niliteremka.

Huko chini kuna vyumba 68 ambavyo hakuna binadamu anayeweza kuingia. Ni kazi ya Narcissa Niblack Thorne, mama aliyezaliwa 1882 na kuolewa katika familia ya Montgomery Ward, kampuni iliyotajirika kwa kuuza bidhaa kwa katalogi na posta. Alipenda vitu vidogo tangu utotoni. Kati ya 1932 na 1940, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi ambapo fundi mzuri angeweza kukaa wiki bila kazi, alikusanya mafundi wakamjengea historia ya vyumba vya Ulaya kuanzia karne ya 13 na vya Marekani kuanzia karne ya 17, inchi moja kwa futi moja. Vyumba vyake vya mwanzo vilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1933. Mmoja wa mafundi wake, Eugene Kupjack, aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote.

Vyumba vimechimbiwa ukutani nyuma ya vioo, na mbele yake kuna kidaraja cha watoto kukanyaga. Taa za ukumbi ni hafifu. Mwanga unatoka ndani, unapita kwenye madirisha ya vyumba vyenyewe kana kwamba nje kuna bustani na ni saa nne asubuhi. Ukisogeza kichwa unaona mlango ulioachwa wazi, na nyuma yake ukumbi mwingine ambao nusu ya wageni hawatauona.

Niliangalia kama mtoto wa Keko. Kila kiti nilikianzia pale baba anapoanzia: je, mistari ya kitambaa inakutana kutoka mgongoni hadi kwenye kikalio, au fundi alichoka? Nilichuchumaa, nikajaribu kuona uvungu, mlinzi akakohoa. Kwenye sebule ya Kiingereza ya zama za Malkia Victoria nilikaa muda mrefu kuliko kwingine. Hiyo ndiyo karne ambayo springi za chuma ziliingia kwenye makochi, viti vikavimba, kila kitu kikawa na tumbo na kope. Kwenye sebule mbili za jimbo la Georgia za mwaka 1850 hivi nilisimama pia, nikijiuliza walioyafuta vumbi makochi yale walitokea mlango upi. Bibi Thorne hakuweka mtu hata mmoja katika vyumba vyake, kwa hiyo suala hilo limebaki nje ya kioo.

Kutokuwepo watu kuna kazi nyingine. Mahali pa watu aliacha dalili zao: miwani, kitabu kilichofunguliwa, kazi ya kufuma iliyowekwa kando. Mtoto mmoja kwenye kidaraja alimuuliza mama yake wenyewe wamekwenda wapi. Mama akasema wamekwenda kula. Mtoto hakubisha, na mimi nilijikuta natazama upya viti vya chumba kile, nikitafuta kipi kilikuwa kimekaliwa.

Jioni tulianza. Baba akitengeneza kochi anaanza na fremu, mara nyingi ya mbao za bei rahisi ambazo mteja hataziona; juu yake mkanda uliovutwa kama ngozi ya ngoma, springi, gunia, sponji, halafu ndipo kitambaa kivalishwe na kupigiliwa misumari kuzunguka. Kwa Bibi hakuna fremu. Kila uso wa kochi ni kipande cha kadi ngumu kilichokatwa peke yake: mgongo wa ndani, mgongo wa nje, mikono ndani na nje, mbele ya mikono, kikalio, ubao wa mbele. Vipande 10 bila mito. Kila kimoja kinabandikwa utando wa pamba, kinavikwa hariri, kingo zinakunjwa nyuma na kugandishwa, na mwisho kabisa ndipo vinaunganishwa. Ni kama kumvalisha mtu shati kabla hajaungwa mikono. Nilimwambia Bibi kwamba kwetu hilo lingeitwa boksi, si kochi. Akasema ndiyo, ni boksi, tusaidiane lisijulikane.

Kadi yenyewe lazima ikatwe ndogo kuliko kipimo, kwa unene wa kitambaa kila upande. Nililijua hilo, nikalisahau. Mikono yangu ya kwanza iligoma kuingia kati ya mgongo na kikalio, nikaikata upya. Kwenye mzunguko wa mkono unachanja kingo za kitambaa pembetatu ndogondogo ili zisilundikane nyuma. Kwenye kona unapunguza, unakunja, unabana kwa kibanio cha nguo na kwenda kunywa chai.

Kosa kubwa nililifanya kwenye gundi. Inatakiwa ipakwe kwenye kadi, si kwenye kitambaa, tena iwe nyembamba kiasi kwamba unasita kama umepaka. Bibi hutumia ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Mimi nilipaka kama mtoto wa seremala. Dakika moja baadaye doa jeusi lilichomoza upande wa pili wa hariri, likatanuka taratibu kama jasho la kwapani. Ilikuwa tai ya buluu yenye nukta nyeupe. Nilinyamaza, naye akanyamaza, nikatamani mashine ya kufulia ianze kulia. Ya mume wa mtu, na mume mwenyewe hayupo.

“Hiyo hata yeye hakuipenda,” alisema mwishowe, akavuta nyingine, ya kijani.

Kwa jioni tatu tulikaa pale. Kamba ya ukingoni, ile inayozunguka mto, tuliitengeneza kwa ukanda wa hariri wa milimita 5 uliokunjwa juu ya uzi mmoja wa pamba. Inabandikwa kwa ncha ya njiti ya meno, na ukihema vibaya inahama. Misumari ya kichwa cha shaba, fahari ya baba, tuliiweka kwa vichwa vya pini vilivyokatwa, saba kila mkono. Miguu ni shanga za mbao zilizopakwa vanishi. Bitana ya Keko ilikwenda uvunguni, na hapo ndipo nilipojisikia niko kazini: sehemu pekee ya kochi lile iliyotengenezwa kama ya baba ni ile ambayo hakuna atakayeigeuza kuiona.

Katikati ya jioni hizo dada alinipeleka kusini mwa jiji, kwenye jumba la sayansi na viwanda, kuona kasri la Colleen Moore, nyota wa filamu zisizo na sauti aliyelianzisha 1928 na kulikamilisha 1935. Minara inapanda kiasi cha futi 12, maji yanatiririka, na kuna zulia la dubu ambalo kwa kweli ni ngozi ya kicheche mweupe lililotiwa meno ya panya. Watoto walikuwa wanasukumana. Mimi sikupata cha kukaa nacho: ni nyumba ya malaika wadogo wenye mabawa, ngazi zake hazina hata mahali pa kushikia kwa sababu wao wanaruka. Asiyechoka hahitaji kochi. Tulikula ayiskrimu tukarudi.

Jioni ya tatu kochi lilisimama sebuleni. Mistari ilikutana, kona zilikuwa kali, kijani ya tai ilipendeza mbele ya ukuta. Na lilikuwa limekufa. Nililizunguka nikitafuta tatizo na kila nilipopima palikuwa sawa. Mito mitatu ilikaa pale kama sabuni za mche.

Bibi alichemsha birika. Alishika mto mmoja kwa kibano, akaupitisha kwenye mvuke mara mbili, akauweka kwenye kiganja na kuubonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko cha chai. Sufi ikashuka. Kisha kwa ncha ya sindano akavuta mikunjo miwili, midogo kama nywele, kutoka kwenye kona za mbele kuelekea pale alipobonyeza. Nilikuwa nimeiona mikunjo ile maelfu ya mara bila kuiangalia. Kwenye kochi la kweli inaletwa na mtu, na miezi, na televisheni. Hapa gramu 35 haziwezi, kwa hiyo kila kinachofanywa na uzito inabidi kifanywe na kidole.

“Kwenu nani anakaa wapi?” aliniuliza, akiwa ameshika kijiko.

Nikamwambia baba hukaa mwisho kabisa kushoto, karibu na dirisha na redio, mguu mmoja ameukunja chini yake. Mama hukaa kulia, lakini hakai sana. Katikati ni pa wageni. Basi ule wa kushoto tuliubonyeza kwa nguvu, hata ukingo wake wa mbele ukalegea kidogo. Wa kulia kidogo. Wa katikati tuliupa mvuke tu.

Nilipiga picha kutoka usawa wa sakafu, bila sarafu wala kidole pembeni, nikamtumia baba bila maelezo. Kwao ilikuwa inakaribia alfajiri. Saa moja baadaye akaleta ujumbe wa sauti, nyuma yake jogoo wa jirani akiwika.

“Marahaba, mwanangu. Nimeliona kochi. Kazi si mbaya. Ila mwambieni huyo fundi, nani amelikalia hivi kabla halijafika kwa mwenyewe? Upande wa kushoto limeshalala. Na mguu wa nyuma, hukohuko kushoto, haujagusa chini.”

Nilienda na tochi. Nikaligusa kwa ncha ya kidole kwenye kona na kweli likacheza, tik, sauti ndogo kuliko ya saa ya mkononi. Bibi aliniletea lenzi. Pengo lilikuwa la unene wa karatasi. Nikakata kipembe cha tiketi ya treni, nikakipaka gundi kwa njiti ya meno, safari hii kidogo sana, nikakibandika chini ya shanga, na tukakaa kusubiri kikauke.